Misa ya Wafu ya Michael Haydn: namna ya kuisikiliza kwa jioni moja

Wanakwaya wangu karibu wote wanaijua Requiem, yaani Misa ya Wafu, ya Mozart. Ya Michael Haydn, mdogo wake mtunzi maarufu Joseph Haydn, wengi hawajasikia hata kipande. Hivi ndivyo ninavyowaingiza.

Hatua ya 1: pata rekodi. Ukitafuta "Haydn" tupu, utaletewa Joseph. Andika jina lote, au namba ya kazi yenyewe, MH 155. Mimi natumia rekodi ya kundi la The King's Consort, anayeongoza Robert King, soprano ni Carolyn Sampson. Vaa hedifoni. Spika ya simu inameza besi, na humu besi ndiyo miguu.

Hatua ya 2: jua msiba wenyewe. Sigismund von Schrattenbach, Askofu Mkuu wa Salzburg, alifariki tarehe 16 Desemba 1771. Tarehe 31 Haydn alikuwa ameshamaliza kuandika. Siku 15 kwa misa nzima, na mimi wimbo mmoja wa Pasaka hunichukua Kwaresima yote! Januari ya mwaka huohuo Haydn alikuwa amemzika Aloisia, mtoto wake wa pekee, hata mwaka hajatimiza.

Hatua ya 3: mwanzo, mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi ya ala peke yake, inavyotembea kama watu nyuma ya jeneza. Mara ya pili fuata sauti unayoimba wewe. Mara ya tatu tafuta tromboni. Kanisani Salzburg ilikuwa desturi tromboni tatu ziandamane na alto, teno na besi, zikipiga noti zilezile wanazoimba. Alto wanaolalamika kwamba hawasikiki, hapa wana mwenzao. Usiende mbele kabla hujamtambua. Wengine huwachukua nusu saa, si neno.

Hatua ya 4: Dies irae, shairi la siku ya ghadhabu. Mozart aliigawa vipande sita, Haydn anakwenda nayo mkupuo mmoja. Shika maneno ya Kilatini na penseli, weka alama kila kwaya inaponyamaza na kuwaachia waimba solo.

Hatua ya 5: "Quam olim Abrahae", maneno ya ahadi kwa Abrahamu. Hii ni fuga: sauti moja inatoa wazo, nyingine zinalidaka kwa zamu. Gonga meza kila linapodakwa. Umepitwa? Itarudi baada ya Hostias, sala ya sadaka inayofuata.

Hatua ya 6: sasa Mozart. Alikuwa na miaka 15, amerudi kutoka Italia siku moja tu kabla ya askofu kufariki, na alipiga ala katika misa hiyo pamoja na baba yake. Yake aliiandika 1791. Cheza mwanzo wa Haydn, kisha wa Mozart, bila kusema lolote katikati. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, besi mmoja alinyosha mkono: "Mwalimu, mbona umerudia uleule?"