Kupata Ki ya Wimbo kwa Sikio

Ki ni sauti ya nyumbani ambayo wimbo umejengwa juu yake. Usikimbilie kubonyeza kinanda. Sikiliza ubeti mzima, kisha guna ile sauti ya mwisho, pale wimbo unapotulia. Kwenye tenzi na mapambio mengi hiyo ndiyo do, sauti ya kwanza ya ngazi ya do-re-mi-fa-so-la-ti. Ishikilie kooni huku ukipanda kitufe kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, hadi kinanda kilingane nawe.

Hakiki. Kutoka hapo panda hadi do ya juu kwa hatua hizi: vitufe 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Piga ngazi hiyo wimbo ukiendelea. Ti ya ngazi yako ikigongana na wimbo, huenda umeshika so ya wimbo ukadhani ni do. Fa yako ikigongana, huenda umeshika fa ya wimbo. Kosa la so ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu nayo husikika imetulia.

Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu zinatosha kuanzia. Katika ki ya C ni C-E-G, F-A-C na G-B-D. Sauti ya C imo katika kodi mbili za kwanza, kwa hiyo melodi peke yake itakudanganya: fuata besi, yaani sauti ya chini kabisa, uipige kwa mkono wa kushoto kabla ya kuongeza kodi.

Transipozi, yaani kitufe cha kinanda kinachohamisha ki bila wewe kubadili vidole, izime unapofanya mazoezi. Ukiitegemea, vidole vitajua C tu.