Namna ya kuandaa na kufikisha taarifa za shehia katika kijiji cha Pemba

Shehia ndiyo ngazi ya utawala ambayo mkaazi wa kijiji cha Pemba hukutana nayo kabla ya nyengine yoyote, iwe anahitaji barua ya utambulisho, amepata mtoto na anataka kumsajili, au amekhitilafiana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake. Katika kijiji, haki hiyo haitimizwi na gazeti wala televisheni, bali na mtu mmoja mwenye kalamu na daftari ambaye amekubali kuandika kilichoamuliwa na kuhakikisha kwamba kimewafikia watu. Mara nyingi mtu huyo ni kijana aliyemaliza skuli, au mwalimu, au katibu wa kamati fulani, na hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Jambo la kwanza ni kujua nani ana mamlaka ya nini, kwani taarifa isiyotaja mwenye mamlaka humwacha msomaji hana pa kwenda. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kazi zake zimo katika sheria ya tawala za mikoa, Namba 8 ya 2014. Diwani huchaguliwa na wananchi wa wadi, ambayo kwa kawaida hujumuisha shehia zaidi ya moja, na huwawakilisha katika baraza la mji au halmashauri ya wilaya chini ya sheria ya serikali za mitaa, Namba 7 ya mwaka huo huo. Mwakilishi huenda Baraza la Wawakilishi, na mbunge huenda Dodoma. Juu ya hao kuna taasisi zenye kazi maalumu: maji ni ZAWA, umeme ni ZECO, ununuzi wa karafuu ni ZSTC. Kwa hiyo usiandike kwamba "serikali imesema" maji yatarudi wiki ijayo. Andika ni ofisi gani iliyosema, kupitia kwa nani, na siku gani.

Kabla ya kutoa taarifa yoyote kwa jina la shehia, kaa na Sheha mkubaliane. Mueleze utaandika nini, mara ngapi kwa mwezi, na nani atasoma rasimu. Tangazo rasmi la shehia linatakiwa kuwa na saini na muhuri wake, na hilo si urasimu wa bure, kwa sababu karatasi isiyo na muhuri inaweza kubandikwa na mtu yeyote. Lakini muombe pia akubali jambo moja tangu mwanzo, nalo ni kwamba maamuzi ya kikao yataandikwa kama yalivyoamuliwa, hata pale yasipompendeza mtu mkubwa. Sheha mwenye busara hulikubali hilo, maana linampunguzia lawama za kila siku.

Ukiwa kikaoni, usijaribu kuandika kila neno la kila mzungumzaji. Sikiliza mjadala, na kalamu yako iwe tayari pale mwenyekiti anapofunga hoja. Hapo ndipo panapohitaji mambo matatu: nini kimeamuliwa, nani amekabidhiwa, na lini kitakuwa kimekwisha. Ikiwa moja halikutajwa, nyoosha mkono uulize kabla watu hawajainuka. Swali la "Mheshimiwa Sheha, ni nani atakayefuatilia, na mpaka tarehe gani?" huonekana dogo, lakini maamuzi mengi ya vijijini hufa kwa kukosa jawabu lake. Kisha wasomee wajumbe ulichoandika, wakisahihishe wakiwa wapo wote.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe. Tangazo la kawaida huwa hivi: "Wananchi wote wa shehia mnaarifiwa kuwa Jumamosi kutakuwa na kikao muhimu cha maendeleo. Nyote mnaombwa kuhudhuria bila ya kukosa." Lina adabu, lakini halimwambii mtu chochote cha kumfanya aache kazi yake. Jumamosi ipi? Wapi? Maendeleo gani? Linganisha na hili: "Kikao cha wakaazi wa kitongoji cha bondeni kuhusu mifereji miwili ya jumuiya ya kuchotea maji kitafanyika Jumamosi tarehe 14 Juni, sawa na Mfunguo Tatu 17, saa 10 alasiri, katika uwanja wa skuli ya msingi. Afisa wa ZAWA atakuwepo. Wakaazi wataamua mifereji iwekwe wapi na nani atachimba mtaro wa bomba. Asiyeweza kufika ampe rai yake katibu wa kamati ya maji kabla ya Alkhamisi." Hapa kila sentensi ina kazi. Mama mwenye nyumba ya mwisho bondeni anajua kwamba asipokwenda, mfereji unaweza kuwekwa mbali naye; na asipoweza kwenda, anajua wa kumuona.

Tarehe ya mwezi mwandamo katika tangazo hilo haikuwekwa kwa pambo. Katika vijiji vya mwambao, bahari ndiyo inayopanga ratiba. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukupwa sana kuanzia asubuhi mpaka mchana, na huo ndio wakati kina mama wa mwani wanapokuwa pwani wakifunga na kuvuna. Kikao cha saa 4 asubuhi katika siku hizo kitakuwa kikao cha wanaume, hata kama tangazo limesema "wote". Alasiri ya siku hiyo hiyo maji yamekwisha kujaa na watu wamo majumbani. Kadhalika, wavuvi waliokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, hawatarudi kwa ajili ya tangazo lililotolewa juzi, na msimu wa karafuu ukifika familia nzima huhamia mashambani. Weka kalenda moja ukutani yenye miezi yote miwili, miladia na hijria, na usikubali kuandika tarehe ya kikao kabla hujaitazama.

Kufikisha taarifa ni kazi inayodharauliwa kuliko zote. Njia iliyozoeleka ni kutangaza msikitini baada ya sala, hasa Ijumaa, na ni njia nzuri. Lakini anayesikia ni aliyehudhuria, na si kila mwanamume akifika nyumbani humsimulia mkewe kikao cha maji. Basi tafuta pale ambapo kila kundi hukusanyika kwa shughuli zake: diko, wakati wa mnada wa samaki, kituo cha afya, siku ya kliniki ya watoto, vikundi vya kuweka na kukopa, madrasa, ambapo maalim anaweza kuwapa watoto ujumbe mfupi wa kupeleka kwa wazee wao. Ubao wa matangazo uwekwe chini ya upenu, mvua za masika zisiufikie, na kila karatasi iandikwe siku ya kuondolewa, kwani ubao uliojaa matangazo ya mwaka jana hakuna anayeusoma. Mbiu ya mgambo nayo bado ina nafasi yake kwa mambo ya dharura, kama vile chombo kilichopotea baharini. Kaskazini ya kisiwa kuna Redio Jamii Micheweni, ambayo husikika hata shambani. Wapelekee maandishi yaliyokamilika.

Kuhusu kundi la WhatsApp la shehia, ushauri wangu ni kuwa na kundi ambalo wanaoandika ni viongozi wake peke yao, na mazungumzo yafanyike kwengine. Tuma picha ya tangazo lenye muhuri, pamoja na sauti ya dakika moja inayolisoma kwa ajili ya wale wasiosoma au wenye macho yaliyochoka. Ikiingia habari ya kutisha, kwa mfano ya kipindupindu katika kijiji cha jirani, usiisambaze wala usiikanushe mpaka umempigia simu afisa wa afya. Andika umezungumza naye saa ngapi na amesema nini.

Yako mambo ambayo taarifa isiyo kamili huleta madhara ya wazi. Chukua kufungwa kwa mwamba wa pweza, utaratibu ambao watu wa Kisiwa Panza, katika Wilaya ya Mkoani, wamekuwa wakiutumia: eneo hufungwa kwa muda ili pweza wakue, kisha hufunguliwa kwa siku iliyokubaliwa. Tangazo lake lazima litaje mipaka kwa majina ya miamba na mikondo ambayo wavuvi wenyewe wanayajua, siku ya kufunga, siku ya kufungua, na adhabu ya atakayekiuka. Lazima pia lifike katika vijiji vya jirani ambavyo wavuvi wake hufika mwambani hapo, kwani ugomvi mwingi wa bahari huanza kwa mtu kusema kwamba yeye hakuambiwa, na pengine kweli hakuambiwa.

Fedha za michango nazo zinahitaji uangalifu wa namna hiyo. Ikiwa wakaazi wanachangia banda jipya la skuli, ripoti iseme, kwa mfano: "Zimekusanywa shilingi 1,450,000. Zimetumika 1,120,000 kwa matofali, saruji na usafiri. Zimebaki 330,000, ziko kwa mshika fedha. Risiti zinaweza kuonekana skuli kila Jumatano." Usichapishe orodha ya wasiochangia. Kumuaibisha mnyonge hakujengi darasa, na sababu za mtu kutokuwa na kitu ni zake.

Sitiri pia majina ya walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ya wagonjwa, na hasa ya watoto. Kesi ya udhalilishaji ikitokea, kazi ya taarifa ya shehia ni kuwaambia watu waripoti wapi, si kutaja nyumba wala ukoo ambao mtoto anaweza kutambulika kwao. Shughuli za vyama vya siasa zina viongozi wao na mahala pao. Zisichanganywe na karatasi ya shehia, wala karatasi hiyo isibandikwe katika maskani ya chama kimoja ikaachwa kwengine. Mkaazi akishaona kwamba taarifa ina upande, hataiamini hata ikimwambia siku ya chanjo ya mwanawe.

Ningependa kila mwandishi wa taarifa za shehia ashike desturi moja kuliko zote nilizotaja, nayo ni kuanza kila toleo na yale yaliyoahidiwa katika toleo lililopita. Kabla ya habari mpya, andika: mtaro wa bomba ulitakiwa kuchimbwa mpaka tarehe 30, umechimbwa nusu, na msimamizi anasema kazi imekwama kwa sababu hii. Diwani aliahidi kulipeleka suala la barabara katika baraza. Amelipeleka, au bado. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na bajeti hujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi kabla yake, kwa hiyo maombi ya kijiji yaliyoandikwa na kufuatiliwa mapema yana nafasi kuliko yanayokumbukwa wakati mafungu yamekwisha kugaiwa. Ahadi ambayo haijatimia isiondolewe mpaka itimie, au mpaka aliyeitoa aeleze hadharani kwamba haitawezekana. Fanya hivyo bila ya maneno makali. Tarehe zenyewe zinatosha.

Nakala ya kila toleo iwekwe katika faili mbili, moja katika ofisi ya Sheha na nyengine skuli, zikiwa na namba kwa mfuatano. Sheha akibadilishwa, au wewe ukihamia Unguja kutafuta kazi, anayekuja apewe faili hizo mkononi mbele ya wajumbe, na atie saini kwamba amezipokea.