Jinsi ya kuandaa jioni ya simulizi na mawazo, hatua kwa hatua

Wanaoanzisha mkusanyiko wa aina hii kwa kawaida huanza na ukumbi, mabango na fulana. Hayo yanakamilika ndani ya wiki mbili. Kinachokula muda, na kinachoamua kama watu watakaa vitini mpaka mwisho, ni kumwandaa mtu asiyewahi kupanda jukwaani aseme jambo lake kwa dakika kumi likaeleweka. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea upande huo. Kwa hadhira ya watu 50 hadi 150, jipe wiki nane.

Hatua ya 1: Chagua mtindo

Ipo mitindo iliyokwisha kujaribiwa, kila mmoja na kanuni zake. TEDx ilianza mwaka 2009 kama mikutano inayoandaliwa na wenyeji kwa leseni ya TED, shirika la Marekani linaloandaa mikutano ya hotuba fupi: hotuba haizidi dakika 18, wasemaji hawalipwi, na jina halitumiki bila leseni. Leseni haina ada, ila masharti ni mengi, likiwemo la hadhira kutozidi watu 100 kama mwenye leseni hajawahi kuhudhuria mkutano wa TED wenyewe. PechaKucha, iliyoanzia Tokyo mwaka 2003, ni slaidi 20 zinazojisogeza zenyewe kila baada ya sekunde 20. Jumla dakika 6 na sekunde 40. Ignite, ya Seattle mwaka 2006, inabana zaidi: slaidi 20 za sekunde 15, dakika 5 kamili. The Moth, iliyoanzishwa New York mwaka 1997, haina slaidi wala karatasi. Mtu anasimulia kisa cha kweli kilichomtokea yeye mwenyewe.

Kama ni mara ya kwanza, achana na leseni za watu. Tumieni jina lenu, na muda wa dakika 10 kwa kila msemaji. Dakika 18 zinamfaa mzoefu. Asiye mzoefu atazijaza maji.

Hatua ya 2: Andika ratiba kwa dakika

Wasemaji 6 kwa dakika 10 ni 60. Mpito wa dakika 2 kwa kila mmoja ni 12. Ufunguzi 5, mapumziko 20, kufunga 5. Jumla 102. Ukitangaza kwamba shughuli ni ya dakika 120, umebakiwa na 18 za kumeza ucheleweshaji. Usizitumie kumwongeza msemaji wa saba, hata akija na barua ya mgeni rasmi. Mapumziko yatangaze kuwa 15. Yatafika 20 yenyewe.

Msemaji mwenye nguvu kuliko wote mweke mwisho, anayemfuatia kwa nguvu afungue. Simulizi nzito ya msiba au ugonjwa ikae mara moja kabla ya mapumziko ili watu wapate pa kupumulia. Kumpandisha mchekeshaji baada yake ni kuwaumiza wote wawili.

Hatua ya 3: Pata wasemaji

Tangazo linalosema "tunakaribisha wasemaji wenye mada za kuhamasisha" litakuletea watu wanaohamasisha kila wiki, kwa maneno yale yale. Uliza swali jembamba: "Ni jambo gani ulilifanya, likakulazimisha ubadili mawazo?" Kisha omba vitu viwili tu: jibu la sentensi moja, na sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa simu. Hiyo sauti itakueleza mengi kuliko wasifu wa kurasa tatu.

Chagua sita na mmoja wa akiba, naye akiba aandaliwe sawasawa na wengine. Muondoe anayeuza bidhaa, anayegombea nafasi, na anayetaka kuhubiri. Cheo kisikubabaishe. Mwenye cheo kikubwa mara nyingi huja na hotuba iliyoandikwa na msaidizi wake, na ndiye anayekosa mazoezi.

Hatua ya 4: Waandae wasemaji

Hapa ndipo wiki sita zinapokwenda, na ndipo waandaaji wengi hukwepa kwa kuona aibu kumsahihisha mtu mzima.

Kikao cha kwanza kiwe cha watu wawili tu, wewe na msemaji. Mwache asimulie bila karatasi huku unarekodi. Usimkatize, usimsahihishe. Baadaye sikiliza rekodi na utafute mahali sauti yake ilipobadilika: alipoanza kwenda haraka, alipocheka, alipotafuta neno. Simulizi inaanzia hapo. Mara nyingi ni dakika ya nne, baada ya historia ya maisha yake tangu shule ya msingi. Mwambie aanzie hapo, na yaliyotangulia ayadokeze kwa sentensi moja moja pale yanapohitajika.

Pili, andikeni wazo lake kwa sentensi moja yenye mtu na tendo. Tuseme amekuja na "Ningependa kuzungumzia umuhimu wa kutunza maji." Hilo ni jina la semina. Muulize: nani alifanya nini, lini, ikawaje? Ukimng'ang'ania atafika kwenye kitu kama: "Bomba la shule lilivuja miezi minane, na aliyelitengeneza ni mwanafunzi wa darasa la sita kwa kipande cha mpira." Sasa ana simulizi. Umuhimu wa maji wasikilizaji wataufikia wenyewe.

Tatu, asiandike hotuba nzima. Anayeandika huandika Kiswahili cha barua, kisha hukisoma hivyo hivyo: "napenda kuchukua fursa hii adhimu". Akikariri ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa akisahau neno moja hana pa kurudi. Aandike sentensi ya kwanza na ya mwisho tu, azijue kwa moyo. Katikati awe na vituo vitano kwenye kadi moja, kila kituo neno moja au mawili.

Nne ni muda, na hapa kuna mtego. Majedwali ya idadi ya maneno kwa dakika yanayozunguka mtandaoni yamepimwa kwa Kiingereza. Ukiyatumia kwa Kiswahili, chenye maneno marefu, msemaji atazidisha kwa mbali. Pima kwa saa, akisema kwa sauti, amesimama. Hotuba ya dakika 10 mazoezini ikae dakika 8 na nusu, kwa sababu jukwaani huongezeka vicheko, makofi na kumeza mate. Ikizidi, usikate maneno hapa na pale. Akiwa na wasiwasi atayarudisha yote bila kujijua. Kata tukio zima: shangazi atoke, safari ya pili itoke. Kilichotoka kizima hakirudi.

Tano, salamu. Kuwataja waheshimiwa, kuomba radhi kwa kutotayarisha vya kutosha, na kuuliza "mpo?" mara tatu kunamaliza dakika nzima, tena ile ambayo hadhira inamsikiliza kuliko zote. Kubalianeni kwamba mshereheshaji atasalimu kwa niaba ya wote mwanzoni kabisa, itifaki ikaishia hapo. Wasemaji wengine wataona ni utovu wa adabu. Waeleze kwamba umewaagiza wewe, na mshereheshaji alitangaze hilo kwa hadhira.

Sita, watu wengine waliomo kwenye simulizi. Mke, jirani, mwajiri wa zamani: kila anayetambulika aombwe ruhusa, au abadilishwe jina na mahali. Watoto wasitajwe majina kabisa. Na kama msemaji analia kila mazoezi mahali pale pale, kidonda bado ni kibichi. Mpe nafasi katika mkusanyiko ujao, umweleze faraghani, usimsukume kwa sababu eti machozi yanagusa watu. Anayetaja tarakimu au madai ya tiba naye aulizwe ameyatoa wapi. Akikosa jibu, yatoke.

Wiki mbili kabla, wakutanishe wote sita na yule wa akiba. Kila mmoja aseme mbele ya wenzake, maoni yatoke kwa watu wawili tu, jambo moja kila mmoja. Ukiruhusu kila mtu atoe maoni, msemaji atarudi nyumbani na hotuba tano tofauti kichwani. Wiki ya mwisho ni marufuku kubadili chochote, hata kama jana usiku amepata wazo zuri kuliko lote.

Hatua ya 5: Ukumbi

Viti vipungue kidogo kuliko watu unaowatarajia, vya ziada vikae pembeni. Ukumbi wenye mapengo katikati hauchekeshwi na mtu. Ondoa meza ya hotuba. Msemaji ataing'ang'ania kwa mikono miwili na asisogee.

Hatua ya 6: Sauti

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, lipia fundi mitambo mzuri, si mapambo. Spika zikae mbele ya mstari anaosimama msemaji, zikiielekea hadhira. Zikiwa nyuma yake, kipaza sauti kinazisikia, sauti inazunguka na mluzi unaanza.

Mimi ni mtetezi wa kipaza sauti cha mkononi kwa wasio wazoefu. Kile cha kubana kwenye nguo kinaonekana nadhifu, lakini hukwaruzwa na mkufu, mtandio au kola, na msemaji akigeuza kichwa sauti inapotea. Cha mkononi kina kosa moja: watu hukishusha mpaka kifuani. Wafundishe kukishika vidole vitatu kutoka kidevuni, na wafanye mazoezi wakiwa wameshika kitu, hata chupa tupu. Uwe na viwili, cha pili kikiwa na waya. Betri mpya mwanzoni, na mpya tena wakati wa mapumziko, hata kama taa bado ni ya kijani.

Kila msemaji apande ajaribu sauti kabla ya milango kufunguliwa. "Haloo, haloo, moja mbili" haisaidii; aseme sentensi yake ya kwanza kwa nguvu ile ile atakayoitumia.

Slaidi zote zikae kwenye kompyuta moja, katika faili moja, zimekusanywa siku mbili kabla. Flashi ya dakika ya mwisho ikataliwe kwa upole.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Weka saa inayohesabu kurudi nyuma sakafuni mbele ya jukwaa, msemaji aione bila kuinua kichwa. Mtu mmoja aliyeketi mstari wa mbele awe na kadi za dakika 5, 2 na 0. Msemaji akizidisha dakika moja, mshereheshaji anasimama kando ya jukwaa ili aonekane. Ikifika mbili, anapanda huku akipiga makofi, na ukumbi utamfuata. Wasemaji wote wajue utaratibu huu tangu mazoezini, asije mtu akadhani amedhalilishwa.

Mshereheshaji atambulishe kwa sentensi mbili na asifanye muhtasari wa kilichosemwa. Huo muhtasari umeharibu simulizi nyingi nzuri.

Hatua ya 8: Rekodi

Ridhaa ya kurekodiwa na kusambazwa isainiwe wiki ya mazoezi. Mlangoni siku ya tukio ni kuchelewa. Kamera mbili zinatosha, moja ya jukwaa zima na moja ya usoni. Sauti ichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa fundi, kwani ile ya kamera itajaa kikohozi cha mstari wa tatu. Simu inayorekodi iwekwe kwenye hali ya ndegeni.

Kila hotuba iwe faili lake. Manukuu ya Kiswahili yanayotengenezwa na programu yasomwe na mtu neno kwa neno, hasa majina ya watu na mahali, na msemaji aione video yake kabla haijapandishwa. Akiomba sentensi fulani iondolewe, iondoe bila mjadala.