Wigi la Virginia ya miaka ya 1770: mawimbi yanaokwa kama mkate

Mdogo wangu anayeshona mavazi ya maigizo aliniletea picha za matajiri wa Williamsburg, mji wa Virginia huko Marekani. "Dada, nataka wigi kama hili, na mawimbi yakae." Hayo ya kukaa yalitula wiki mbili. Namwandikia msusi ambaye kushona wigi la kawaida tayari anaweza.

1. Nunua nywele za binadamu. Mafundi wa enzi zile walitumia hata za farasi na mbuzi, ila za plastiki usithubutu: zitayeyuka hatua ya 3. Mashina yote yaelekee upande mmoja. Sababu unaijua: zikichanganyika zitasokotana.

2. Chana, panga kwa urefu.

3. Mawimbi. Viringisha kila fungu kwenye rola ndogo ya udongo wa kuchoma, ukianzia nchani, ufunge kwa uzi wa pamba. Chemsha kwa muda wa saa tatu. Kausha. Kisha mafundi wa enzi zile walizifunga rola kwenye karatasi, wakazifunika kwa kinyunya cha unga wa rai (nafaka inayofanana na ngano), wakapeleka kwa mwoka mikate.

Mara ya kwanza nilikausha usiku mmoja. Juu zilikuwa kavu, ndani mbichi. Nilipofungua, zikanyooka kama sikufanya kitu. Mara ya pili nikaona unga ni mbwembwe tu, nikaingiza rola wazi kwenye oveni. Nyumba nzima ilinuka kuku anayebabuliwa. Kumbe ule unga ndio unaozuia moto usizifikie nywele moja kwa moja.

Mara ya tatu nilizianika siku tatu kivulini, nikafunika kwa kinyunya cha unga wa ngano (rai sikupata) unene wa kidole, moto mdogo. Ganda usilivunje likiwa la moto, hata kama roho inakuwasha. Mimi nililala nalo hadi asubuhi. Na kabla ya yote, jaribu rola moja. Watakaokwambia utumie pasi ya nywele, waache: jasho la jukwaani litaimaliza kazi yao kabla ya mapumziko.

4. Tandaza nyuzi tatu za hariri kati ya vijiti viwili vilivyosimama, usukie humo nywele chache chache hadi upate mkanda. Nailoni inateleza, siitaki. Ni kazi ya kuumiza mgongo, na Virginia baadhi ya walioifanya walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani.

5. Shona mikanda hiyo kwenye neti iliyovalishwa kichwa cha mbao, kuanzia kisogoni kupanda juu. Wateja wa zamani walinyoa. Wako kama ana mabutu, mfumue kwanza ndipo umpime.

6. Paka mafuta, nyunyiza unga laini wa wanga. Fanyia nje.

Mdogo wangu alipokuja kulichukua ndipo akanitajia kwamba anayelivaa anaigiza George Washington. Washington hakuvaa wigi. Zile ni nywele zake mwenyewe, zimepakwa poda.