Kuunganisha Safari Kigoma: Siku Moja Ni ya Ujiji, Si ya Gombe

Anayetoka ughaibuni kwenda kwa ndugu Kasulu, Kibondo au vijiji vya mwambao mara nyingi hujikuta na siku nzima Kigoma mjini: ndege imetua asubuhi, basi au boti ni kesho. Wengi huitoa siku hiyo kwa Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, na ndipo hesabu inapowaharibikia.

Hifadhi iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, lakini hakuna barabara ya kufika huko. Boti za abiria huondoka mchana kwenye ufukwe wa Kibirizi, nje kidogo ya mji, zinashusha watu kijiji hadi kijiji, na hutumia saa 3 au zaidi. Za kurudi mjini hupita asubuhi ya kesho yake. Maana yake ni kwamba ukipanda boti ya abiria, unalala huko. Boti ya kukodi ina kasi zaidi, ila gharama yote ni yako, na sokwe wenyewe hawakai getini kukusubiri: kuwatafuta mlimani kunaweza kumaliza asubuhi nzima, na ukishawapata unaruhusiwa kukaa nao saa 1 tu. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini nao hulichafua ziwa. Gombe ipangie siku tatu. Uwe na kitambulisho cha NIDA au pasipoti ya nchi ya Afrika Mashariki, maana kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni, na fedha taslimu hazipokelewi.

Kwa siku moja, kwanza hakikisha tiketi ya kuendelea na safari iko mkononi, kisha tua mzigo gesti. Gesti nyingi zinataka chumba kirudishwe saa 4 asubuhi, hivyo kama basi lako ni la mchana, patana mapema kuhusu mahali pa kuacha mabegi. Badili fedha uwe na shilingi; tangu Machi 2025 bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni yamepigwa marufuku.

Angalia pia jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inafuata saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo kunakucha karibu saa 1 asubuhi na jua huzama karibu saa 1 jioni. Jioni unayo ndefu ya kutembea. Lakini basi la saa 11 alfajiri linaondoka giza totoro, basi bodaboda wa kukupeleka stendi upatane naye tangu usiku.

Daladala za Ujiji, mji mkongwe wa ziwani jirani na Kigoma, hupatikana mjini na eneo la Mwanga. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Makumbusho ya Livingstone ni madogo, yana mnara na miembe, na dakika 40 zinatosha. Msikilize mwelekezaji hasa anapoeleza njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyoishia Bagamoyo, kwani hiyo ndiyo iliyoujenga mji huu. Halafu teremka ufukweni uwaone mafundi wanaounda maboti ya mbao. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Bandarini usipige kabisa. Kuogelea acha: kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba.

Mchana nenda Kibirizi kwa ajili ya dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, hivyo karibu na mwezi mpevu dagaa hupungua na bei hupanda. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ukija miezi hiyo, uliza kwanza. Chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani wana bei nafuu, lakini mchanga huo hautoki hata uwaoshe mara tatu. Sugua wachache kiganjani: dagaa mzuri anang'aa, anavunjika kwa mlio, na haachi chenga za mchanga. Ukiuziwa kwa sado, simamia ujazo mwenyewe.

Umoja wa Ulaya unamruhusu msafiri kuingia na hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yake. Nyama na maziwa huzuiwa. Harufu ndiyo kazi: funga dagaa kwa karatasi, kisha mifuko miwili ya zipu iliyotolewa hewa, kisha ndoo ya mfuniko. Mawese yaweke kwenye begi la chini ya ndege, chupa isijae, acha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu joto huyatanua na chupa iliyojaa hutapika mdomoni. Zungushia mfuniko utepe wa gundi. Yakifika yameganda kwa baridi hayajaharibika. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

Na wewe uliyekaa nje miaka mingi, kinga yako ya malaria imeshuka. Dawa ya kinga ianze kabla ya safari, na homa yoyote baada ya kurudi mweleze daktari ulikotoka siku hiyohiyo.