Mapokezi ya Shule ya Sekondari: Mtu Akija Kumchukua Mwanafunzi

Kazi za mapokezi ni nyingi, ila panapoharibika vibaya zaidi ni pale mtu anapokuja kumchukua mwanafunzi kabla ya saa ya kutoka. Usimwite mwanafunzi kwanza. Omba kitambulisho, kisha linganisha jina na orodha ya walioruhusiwa iliyo kwenye faili lake. Jina halimo? Mpigie mzazi kwa namba iliyo kwenye faili, kamwe si ile anayokutajia mgeni, maana hiyo inaweza kupokelewa na mwenzake. Mzazi asipopatikana, mwanafunzi habanduki darasani mpaka mkuu wa shule aamue, hata mgeni akifoka.

Akiruhusiwa, jaza daftari la ruhusa: tarehe, saa, jina la mwanafunzi, kidato, anayemchukua, sababu, sahihi. Saa ndiyo husahaulika sana, na ndiyo itakayotafutwa moto ukizuka na wanafunzi wakahesabiwa uwanjani. Akirudi, andika tena.

Daftari la wageni nalo lisiachwe wazi kaunta, mgeni wa saa nne akasoma shida za mgeni wa saa tatu. Funika mistari iliyokwisha jazwa kwa kipande cha kadibodi.

Simu ikipigwa kumtafuta mwalimu aliye darasani: andika jina la mpigaji, namba, saa na anachotaka, halafu msomee namba tarakimu moja moja. Vikaratasi hupeperuka, daftari lenye kaboni hukuachia nakala. Anayeomba namba binafsi ya mwalimu usimpe, chukua yake.