Somo: Kuishi dago mwaka mzima bila kujenga

Wenzangu, Wakojani wengi, wavuvi wa kisiwa cha Kojani, huenda dago, yaani kambi za uvuvi za ugenini, na kurudi Pemba. Mimi sikurudi kujenga. Kambi ndiyo nyumba yangu, mwaka wa tisa huu. Kwa anayetaka, hatua ni hizi.

1. Fuata pepo. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inakupeleka Mafia, Kilwa, mpaka Mtwara. Kusi ikishika, kuanzia Aprili au Mei, inakurudisha. Hata mwenye mashine huokoa mafuta.

2. Piga hodi kabla ya kutia nyavu majini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nahodha aende kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, mkononi leseni na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wa kwao. Aulize mwamba upi umefungwa, kisima kipi cha wageni, makaburi yako wapi. Mwaka wangu wa kwanza tulifika usiku, alfajiri tukaingia baharini bila kumwambia mtu. Kurudi, tukakuta wazee watano wamekaa mchangani kando ya sufuria zetu. Hawakugusa kitu, hawakuitikia salamu. Tuling'oa nanga siku ile ile, na aibu ile ninayo hadi leo.

3. Kibanda kiwe juu ya alama ya maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Makuti na fito nunua kwa wenyeji, mikoko usiiguse.

4. Beba chumvi nyingi kuliko unavyodhani. Samaki akikosa mnunuzi, mpasue, mtie chumvi, muanike, awe ng'onda.

MASWALI

Swali: Ami, mbalamwezi mnakula nini?
Jibu: Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, kwa hiyo tunashona nyavu na kutega madema. Maji ya bamvua yakitoka, tunashuka mwambani kutafuta pweza.

Swali: Nina juya la ufukweni, nije nalo?
Jibu: Usije nalo. Limepigwa marufuku, na linazoa hata vichanga vya samaki.

Swali: Na watoto?
Jibu: Wanaosoma wako Kojani kwa bibi yao. Hili ndilo zito kuliko yote. Mdogo nilimwacha anatambaa, nikarudi akanikimbia, akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Siku hizi kila nikipata mtandao nampigia, hata kama hana la kuniambia.